Mwache mtoto amwone tumbili kabla yako

Haya, hamjambo wazazi. Asanteni kwa kuja, najua Jumamosi ni siku ya soko na wengine mmeacha biashara huko, siwacheleweshi.

Nimeombwa niongee juu ya vitabu vya watoto, tununue vipi. Tangu 2022 baraza la mawaziri hapa Uganda lipitishe kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima praimari na sekondari, kila mzazi ananiuliza vitabu viko wapi, lakini mkifika dukani naona mnafanya vilevile, mnafungua kitabu, mnakuta picha kubwa na mstari mmoja wa maneno, mnakirudisha, eti hakina kitu, mnachukua kile cha maswali na majibu. Jamani, hicho mlichorudisha ndicho nawaombea leo.

Ngoja niwaonyeshe. Hiki kinaitwa Handa's Surprise, cha Eileen Browne, kilitoka 1994. Handa ni binti wa Kijaluo, hapo Kenya tu, anampelekea rafiki yake Akeyo matunda saba kwenye kikapu kichwani, na njiani anawaza sijui Akeyo atapenda lipi, ndizi, pera, chungwa, basi maneno ni hayo tu. Sasa angalieni picha, hapa juu. Mmemwona tumbili? Mkono ushaingia kikapuni! Na maneno hayamtaji popote. Mbele kidogo mbuni anabeba pera, pundamilia chungwa, tembo embe, na Handa yuko tu anatembea, kikapu kinazidi kuwa chepesi na yeye hana habari. Nilimsomea mjukuu wangu wa miaka minne, herufi hata moja hajui, akanishika mkono nisifunue ukurasa, akapiga kelele, "Bibi, mwambie ageuke!" Halafu akaanza kuhesabu yaliyobaki kwa kidole, mwenyewe, hakuna aliyemwambia ahesabu. Mtoto alikuwa anajua jambo ambalo Handa hajui na maneno hayajui, unaona raha yake? Mwisho siwaambii, mtakuta na watoto wenu.

Kwa hiyo ukisoma naye usimkimbize. Na hii tabia ya kuuliza hii rangi gani, huyu mnyama gani, kila ukurasa, tuiache, inageuka mtihani. Nyamaza kidogo, yeye atasema. Kama kitabu ni cha Kiingereza simulia kwa Kiswahili, au Kilugbara, hamna shida kabisa.

Wa P3, P4 hivi, yaani darasa la tatu na la nne, watafutieni Beatrice's Goat, Page McBrier ndiye aliyeandika, picha ni za Lori Lohstoeter, mwaka 2001. Ni ya hapahapa Uganda, upande wa magharibi, msichana anatamani shule lakini nyumbani hela haipo, familia inapewa mbuzi anaitwa Mugisa, maziwa yanauzwa, ada inapatikana. Kuna mama aliniambia hicho ni kitabu cha kutuonyesha maskini. Mimi nakataa, maana Beatrice ndiye anamhudumia mbuzi, ndiye anauza maziwa, na watoto wetu wanaijua ada ni nini, wanamwelewa haraka kuliko sisi. Wakubwa zaidi wapeni Hare and Hornbill ya Okot p'Bitek wetu, ya 1978, ngano za Kiacholi, hizo zisomwe usiku taa imepunguzwa.

Bei najua, vitabu ni ghali. Kwenye simu ingieni tovuti inaitwa African Storybook, hadithi za picha ni za bure, zipo za Kiswahili, Luganda, Lugbarati, ndicho Kilugbara chetu, na nyingine nyingi, unaruhusiwa kuprinti. Mimi nachapisha, nakunja katikati, nashona na sindano na uzi mnene wa gunia, kinadumu hata kikishikwa na mikono yenye mafuta ya chapati. Ila tahadhari moja, isome kwanza mwenyewe kwa sauti, tafsiri zingine ni ngumu mdomoni, ukijikwaa mara tatu kwenye ukurasa mmoja achana nayo tafuta nyingine.

Nimeweka vitabu sita pale mkekani. Waiteni watoto waingie sasa, kila mzazi achukue kimoja akae na mtoto, hata kama si wako, tuwape nusu saa.