Ini Hulipa Sita kwa Kitu cha Mbili

Mabibi na mabwana, usiku wa jana mlilala muda wa saa saba au nane bila kutia kitu kinywani, na bado mmeamka mkiwa na akili timamu. Damu yote ya mtu mzima hubeba takriban gramu 5 tu za glukosi, yaani sukari ya damu, kijiko kimoja cha chai. Ubongo peke yake hutumia kama gramu 120 kwa siku. Nani alikuwa akikijaza kijiko kile usiku kucha?

Ni ini. Hutoa kwanza glikojeni, yaani glukosi iliyofungamanishwa, liliyoiweka akiba, ambayo kwa kawaida ni kama gramu 100. Akiba ikipungua, ini, likisaidiwa na figo, huzidi kuunda glukosi mpya kutokana na laktiki (mabaki ya glukosi iliyovunjwa bila oksijeni), gliseroli (kipande cha mafuta) na asidi amino (vipande vya protini).

Hapa naomba tutulie. Seli ikivunja glukosi moja kuwa vipande viwili viitwavyo piruvati, hupata faida ya ATP 2; ATP ndiyo sarafu ya nishati ya seli. Ini likitaka kuziunganisha piruvati hizo ziwe glukosi tena, hulipa 6: ATP 4 na GTP 2, sarafu nyingine ya thamani ile ile. Hatua tatu za njia ya kuvunjia ni kama maporomoko: kushuka ni rahisi, kupanda haiwezekani, kwa hiyo ini hupita njia za kando kwa vimeng'enya vingine, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia. Njia ya kando ya piruvati ndiyo ghali kuliko zote. Piruvati hubandikwa kaboni dioksidi ndani ya mitokondria, vijitanuri vya seli, kwa ATP 1, kisha kaboni dioksidi ile ile hubanduliwa kwa GTP 1. Wanafunzi huniuliza, kubandika na kubandua kuna faida gani? Kule kubanduka ndiko kunakoisukuma kazi mbele.

Na hasara yote hii ni ya nini? Tazameni seli nyekundu ya damu. Haina mitokondria, haiwezi kuchoma mafuta. Hutumia glukosi tu na kutoa laktiki. Ini huipokea laktiki hiyo na kuirudisha ikiwa glukosi. Mzunguko huo unaitwa kwa jina la wanasayansi Carl na Gerty Cori, na kila ukizunguka mwili hupoteza sarafu 4: hulipa 6, hupata 2.

Anayelipa ni mafuta. Asidi za mafuta zenye idadi shufwa ya kaboni, ambazo ndizo nyingi mwilini, hazitupatii glukosi ya ziada, jambo ambalo hunishangaza hadi leo. Lakini ini huzichoma, likapata ATP, na seli nyekundu ikapata glukosi yake.