Kutoa Ankara Moja kwa Moja Kutoka Ndani ya Hifadhidata

Karibu, mtazamaji. Leo tutatengeneza ankara za wateja tukiwa ndani ya Microsoft Access, programu ya kutunza hifadhidata, bila kunakili hata namba moja kwenda kwenye faili lingine, kwa kuwa makosa mengi ya ankara huzaliwa katika kunakili huko.

Anza na hoja (query), yaani ombi la kuchota data kutoka kwenye majedwali, inayounganisha jedwali la wateja, la ankara na la bidhaa zilizouzwa. Ifungue uhakikishe kwamba kila bidhaa iliyouzwa imetokea mara moja tu. Ikijirudia, rekebisha kwanza uhusiano wa majedwali.

Sasa ita kisaidizi cha ripoti, na kinapokuuliza upange makundi kwa kitu gani, chagua namba ya ankara. Usichague jina la mteja, maana mteja mwenye ankara tatu ataletewa zote zikiwa zimechanganyika.

Fungua ripoti katika mwonekano wa usanifu. Kwenye kijachini cha kundi, yaani sehemu inayotokea mwishoni mwa kila ankara, ambacho huenda ukalazimika kukiwasha, weka kisanduku cha maandishi na uandike humo =Sum([Idadi]*[Bei]). Ukiiweka fomula hiyo kwenye kijachini cha ukurasa, utaona neno la kosa badala ya jumla, kwa sababu sehemu ile haikubali fomula za kujumlisha. Kabla hujaondoka hapo, fungua sifa za kijachini cha kundi, tafuta ile inayolazimisha ukurasa mpya, na uamuru ukurasa uanze baada ya sehemu hiyo, ili kila ankara ipate karatasi yake.

Tazama matokeo kabla ya kuchapisha. Ukikuta ukurasa mtupu baada ya kila ukurasa, usiilaumu printa: ripoti imezidi upana wa karatasi. A4 ina upana wa sentimita 21, hivyo pambizo zikiwa sentimita 2 kila upande, ripoti isizidi sentimita 17. Ukingo ukikataa kurudi, tafuta mstari mwembamba uliosahauliwa upande wa kulia. Mimi niliwahi kuutafuta mchana kutwa.

Mwishowe, bofya jina la ripoti kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uihamishe kama PDF. Ukihitaji ankara moja pekee, rudi kwenye hoja, na katika mstari wa vigezo chini ya namba ya ankara uandike [Ingiza namba ya ankara], mabano yakiwemo. Kila utakapofungua ripoti, Access itakuuliza namba hiyo kwanza.