Mafuta Baharini, Moyo na Pumzi ya Samaki

Ndugu wavuvi, walimu na vijana wa Pemba, mafuta yakimwagika baharini macho yetu yote huenda kwenye ule utando unaong'aa. Leo nakuombeni tutazame chini yake, maana kinachomuumiza zaidi samaki hakionekani: kimeshayeyuka majini.

Moyo wa samaki una chumba cha kupokea damu na chumba cha kuisukuma. Damu hutoka moyoni, hupita kwenye matamvua kuchukua oksijeni, kisha huzunguka mwilini. Inaporudi, oksijeni yake nyingi imeshatumika. Samaki wengi misuli ya moyo wao huishi kwa masalio hayo. Jodari ana mishipa ya ziada ya kuulisha moyo, lakini yeye hupumua kwa mwendo: huogelea mdomo wazi ili maji yapite kwenye matamvua. Moyo ukidhoofika mwendo hupungua, na mwendo ukipungua pumzi nayo hupungua.

Na pumzi yenyewe ni haba. Wakati wa kaskazi, maji yakifika nyuzi 29, lita moja ina takriban miligramu 6 tu za oksijeni. Lita moja ya hewa ina zaidi ya 200. Mafuta yakigusa matamvua, ngozi yake nyembamba huvimba, ute huzidi, na oksijeni hupata njia ndefu zaidi kuifikia damu.

Sasa moyo. Kalsiamu ikiingia kwenye seli, msuli hukaza. Potasiamu ikitoka, seli hutulia kungojea pigo jengine. Mafuta ghafi yana kemikali za pete tatu, yaani atomi zake zimeungana mfano wa pete tatu, mojawapo fenantirini. Hizi huziba milango ya potasiamu na kuvuruga kalsiamu. Pigo huchelewa kwisha, mkazo huwa dhaifu, mapigo hupotea mpango. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliyaona haya katika seli za moyo wa jodari, kwa kutumia mafuta ya ajali ya 2010 ya mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon, ambapo kisima cha mafuta kilibubujika siku 87 katika Ghuba ya Mexico.

Mayai ndiyo yanayonitia hofu zaidi. Yai la jodari lina ukubwa wa milimita 1 hivi, nalo huelea karibu na uso wa maji, palepale penye mafuta. Kiasi cha maikrogramu chache za kemikali hizo kwa lita, yaani gramu chache katika lita milioni 1, chatosha: mapigo hupungua, maji hujaa kwenye mfuko wa moyo, na moyo hukua na kasoro. Jua kali huongeza sumu, kwa kuwa kiluwiluwi, yaani samaki mchanga aliyetoka yaini, ni mwangavu na miale hupenya mpaka ndani. Anayenusurika huonekana mzima, lakini hana kasi ya kukimbia wala kuwinda.

Kwa hivyo tusidharau maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya chombo. Oili chafu ya mashine nayo imejaa kemikali za jamii hii. Wengine humwagia sabuni utando ukapotea. Haujapotea! Umevunjika matone madogo, na sasa unayeyuka upesi zaidi kuelekea kwenye matamvua. Kabla ya kufua maji, acha ngama itulie mafuta yapande juu, tandaza usumba mkavu (ukiwa umelowa maji haunyonyi vizuri), uuinue na uukamulie kwenye dumu lenye kifuniko. Fua kutoka chini, na usimame unapoanza kuona rangi ya mafuta. Mabaki hayo ya juu nayo yaingie kwenye dumu.