Gari Likizima Njiani, Usikimbilie Betri

MWALIMU: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Kisumu na popote mlipo. Fundi, leo kuna swali kutoka Ahero, na huyu ndugu ameumia mfukoni. Ana Corolla ya mwaka 1996, ya petroli. Asubuhi linawaka vizuri. Akipita Awasi akianza kupanda kuelekea Kericho, linazima. Akingoja kama nusu saa hivi, linawaka tena na safari inaendelea. Ameshabadilisha plagi, filta ya mafuta na pampu. Bado linazima.

FUNDI: Pole yake sana. Pampu si kitu cha kununua kwa kubahatisha. Kabla ya yote ningemuuliza, linazimaje?

MWALIMU: Kwani kuna namna nyingi za kuzima?

FUNDI: Ziko, mwalimu. Gari linalokosa mafuta kwa kawaida hukuonya. Linakohoa, linasitasita, unakanyaga lakini nguvu haziji, ndipo linazima. Lakini likikosa moto wa plagi, yaani ile cheche inayowasha petroli, linakatika papo hapo kama mtu aliyezungusha ufunguo. Na kama ni la gia za mkono, tazama mshale wa mizunguko ya injini kwenye dashibodi. Gari bado linabingirika, liko kwenye gia, injini inazungushwa na magurudumu, lakini mshale umelala kwenye sifuri? Hapo mimi naanzia kwenye umeme, tangi baadaye.

MWALIMU: Ameandika hapa, “linakata ghafla.”

FUNDI: Basi nashuku koili inayotoa umeme mkali wa cheche, ignaita inayoiwasha na kuizima hiyo koili, au ile sensa iliyo ndani ya distribyuta, kile kifaa kinachogawa moto kwa kila plagi. Koili ina waya mwembamba sana, umezungushwa mara nyingi. Joto likipanda unatanuka, na palipo na ufa panaachana. Ukipoa, panagusana tena. Ndiyo maana gari likivutwa hadi gereji linafika limepoa, kila kipimo ni sawa, na hapo ndipo kubadilisha spea ovyo kunapoanza. Inaniuma sana, kwa sababu mwenye gari ndiye anayelipa.

MWALIMU: Kwa hiyo lipimwe pale pale barabarani?

FUNDI: Likiwa bado moto, ndiyo. Lakini uhai kwanza. Injini ikizima, usukani unakuwa mzito, na breki zinabaki na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili hivi. Usipige-pige breki, kanyaga mara moja kwa nguvu ukitoka barabarani. Na usichomoe ufunguo gari likiwa bado linatembea, usukani utajifunga. Ile barabara ina malori mengi. Weka pembetatu nyuma, mbali.

MWALIMU: Haya, tumesimama salama.

FUNDI: Kuwa na plagi moja ya akiba. Chomoa waya mmoja wa plagi, uuchomeke kwenye hiyo ya akiba, kisha mwili wake wa chuma uguse chuma cha injini. Ishike kwa koleo lenye mpira, kamwe si kwa mkono mtupu. Mwenzako apige starta. Ukiona cheche ya samawati, yenye mlio, moto upo, geukia mafuta. Ikiwa ya njano na dhaifu, au hakuna kabisa, umeshajua upande wa kutafuta. Ila ukisikia harufu ya petroli, acha. Usijaribu.

MWALIMU: Na asiye na mwenzake?

FUNDI: Huyo aache gari litoe ushahidi lenyewe. Corolla nyingi za miaka hiyo zilizotoka Japani hazisomwi na zile mashine za kawaida za kupimia magari, lakini chini ya boneti kuna kiboksi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Ukiunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, ukafungua swichi bila kuwasha injini, ile taa ya injini kwenye dashibodi inaanza kumweka. Unahesabu. Mara moja, inatulia, halafu mara nne: hiyo ni 14, kompyuta haikupata jibu la ignaita. Moja kisha mbili ni 12, kompyuta haikuona injini ikizunguka. Ikimweka mfululizo bila kutulia, hakuna kosa lililohifadhiwa.

MWALIMU: Hii ya kuhesabu taa hata mwanafunzi wangu anaweza.

FUNDI: Anaweza kabisa. Lakini nisikilizeni vizuri hapa. Kumbukumbu hiyo inafutika ukichomoa betri au fyuzi ya EFI, yaani ya mfumo wa kompyuta unaopuliza mafuta. Na fundi wengi kitu cha kwanza wanachofanya ni kulegeza tamino ya betri, eti gari “lisahau.” Limesahau kweli, pamoja na jibu ulilokuwa unatafuta!

MWALIMU: Kuna mwingine, lake linazima kwenye foleni ya Kondele tu, akiachia mafuta. Njia kuu halina shida.

FUNDI: Hilo ni jambo lingine. Aanze kusafisha masizi kwenye koo la hewa na ile vavu ndogo inayoongoza hewa gari likiwa limesimama, kisha aangalie mipira iliyopasuka inayovuta hewa. Mara nyingi huishia hapo.

MWALIMU: Tumrudie wa Ahero. Akipata 14 anunue ignaita?

FUNDI: Asinunue bado. Kwanza akague soketi na nyaya zake, azitikise injini ikiwa inaunguruma, kwa uangalifu. Ikizima akitikisa, tatizo ni waya. Zikiwa nzima, ndipo aende kwa ignaita, na akichukua ya mtumba adai irudishwe kama gari litazima likipata joto.

MWALIMU: Ndugu yetu wa Ahero, hesabu taa kwanza, utuandikie namba kabla hujatoa pesa nyingine.