Kulaza molekuli juu ya nyingine bila kupoteza tarakimu

Habari za mchana, walimu wangu na wanafunzi. Nadharia ya leo ilishamalizwa zamani. Nitakaa zaidi pale hesabu inapoharibikia ndani ya kompyuta.

Tuna hemoglobini mbili, protini ya damu inayobeba oksijeni: moja imebeba oksijeni, nyingine haina. Kila moja ina asidi amino 574, nasi tunachukua atomi moja ya kaboni kwa kila asidi amino. Tunataka kuilaza moja juu ya nyingine hadi jumla ya miraba ya umbali kati ya atomi zinazolingana iwe ndogo kabisa. Kwanza hamisheni vitovu vyote viwili hadi sifuri. Kinachobaki ni mzunguko, na Wolfgang Kabsch alionyesha mwaka 1976 kwamba unapatikana kwenye matriksi moja, yaani jedwali la namba, ya 3 kwa 3, hata atomi ziwe maelfu.

Ila njia yake huzidisha matriksi hiyo kwa nakala yake iliyogeuzwa, safu mlalo zikawa safu wima. Thamani singulari za matriksi, yaani namba zinazopima inavyonyoosha kila upande, zilizopishana mara 10,000 sasa zinapishana mara 100,000,000, na ile ndogo inamezwa. Molekuli iliyo karibu bapa ndiyo huumia. Kuchambua thamani singulari za matriksi yenyewe kunaepusha hilo, mradi mkague ditaminanti ya mzunguko mliopata: ikiwa hasi, mmepata taswira ya kwenye kioo, protini ambayo mwili hauijui. Kwaternioni, namba nne zinazoeleza mzunguko, hazina ugonjwa huo, mimi nazipenda zaidi.

Sasa penye uchungu. Programu nyingi hazizungushi atomi; huchukua jumla ya miraba ya umbali wa atomi zote kutoka kitovuni, kisha hutoa namba nyingine kubwa inayokaribia kulingana nayo. Tuseme wastani wa mraba wa umbali kutoka kitovuni ni 576, kwa angstromu (sehemu moja ya bilioni kumi ya mita) za mraba. Mara 574, mara molekuli mbili, ni kama 660,000. Kwa namba za biti 32, ukubwa huo una hatua ya 0.0625 kutoka namba moja hadi inayofuata. Gawanya kwa 574, chukua kipeuo cha pili: kosa la angstromu 0.01 kwenye umbali wa wastani. Faili letu la koordineti limeandikwa hadi angstromu 0.001! Mbaya zaidi, tofauti ikitoka hasi kidogo, kipeuo hakipo na programu inarudisha upuuzi.

Basi tumieni biti 64. Na miundo ikikaribiana sana, zungusheni atomi kwelikweli, toeni koordineti kwa koordineti, ndipo mpige miraba na kujumlisha. Kwa atomi 574 kompyuta haitaona hata kazi.