Panya wa Presha: Ukoo, Pacha Bandia na Joto la Kisumu

ACHIENG': Mpo nasi kutoka Kisumu. Leo ni panya wa maabara, wale wanaofugwa ndugu kwa ndugu ili watusaidie kuchunguza magonjwa ya binadamu. Barasa, ukoo kama huo unatengenezwaje?

BARASA: Unachukua dume na jike wa tumbo moja, unawapandisha. Watoto wao pia, ndugu kwa ndugu, vizazi 20 mfululizo bila kuruka hata kimoja. Hapo kwa hesabu za urithi karibu asilimia 98.6 ya jeni zinakuwa nakala mbili zinazofanana. Mimba siku 21 hadi 23, kunyonya siku 21, wakomae kama wiki 10. Ni kazi ya miaka mitano hivi, na hapo hakuna jike aliyegoma kuzaa.

ACHIENG': Na mara nyingi hugoma.

BARASA: Hugoma! Kadiri vizazi vinavyosonga, watoto hupungua na koo nyingi hufia njiani. Ndiyo maana watu hununua ukoo uliokwisha kutengenezwa.

ACHIENG': Anayechunguza presha huagiza SHR, panya ambao presha yao hupanda yenyewe kwa kurithi. Hao walitoka wapi?

BARASA: Kyoto, Japani. Okamoto na Aoki waliwatangaza mwaka 1963. Walianza na panya wa Wistar, aina ya panya weupe wa maabara, wenye presha ya juu, wakaendelea kuchagua wazazi wenye presha. Presha ya SHR huanza kupanda akiwa na wiki 5 au 6, na akikomaa presha yake ya sistoli, ile namba ya juu, hufika 180 hadi 200. Hajalishwa chumvi, hajafanyiwa upasuaji, amezaliwa hivyo.

ACHIENG': Hapo ndipo mwanafunzi anaponunua SHR, ananunua na WKY, yaani Wistar Kyoto wenye presha ya kawaida, wa kulinganisha nao, anaona mambo yamekwisha.

BARASA: Na ndipo anapoteleza. WKY nao wana asili ya Wistar, lakini waligawiwa kwa wafugaji kabla hawajafikisha vizazi 20. Kila mfugaji akamalizia kivyake. Kwa hiyo WKY wa duka hili na wa duka lile si panya mmoja. Jina ni moja, damu mbali mbali. Ukimwona mtu ameandika "WKY" tu kwenye ripoti, bila alama za mfugaji nyuma yake, mrudishie. SHR/NCrl, kwa mfano, ile sehemu ya baada ya mstari ndiyo inayokuambia uko na nani.

ACHIENG': Hata SHR wenyewe wametengana. Mwaka 1999 ilionekana kwamba SHR waliokuwa Marekani, wa NIH, taasisi za taifa za afya za huko, wana kasoro kwenye jeni la Cd36, linalohusika na kubeba mafuta mwilini. Watu wakalishika kuwa ndilo chanzo cha matatizo yao ya insulini. Kumbe SHR wa Izumo, kule kule Japani, hawana kasoro hiyo, na presha wanayo.

BARASA: Kwa hiyo kasoro ile ilijitokeza baadaye, kwenye tawi moja. Nani angejua bila kulinganisha matawi? Na kumbuka jambo hili: ukipima SHR 12, ni kama mgonjwa mmoja umempima mara 12. Tofauti ya dawa utaiona vizuri, ila usiseme umepata jibu la binadamu wote. Ongeza ukoo wa pili, au kizazi cha pili cha chotara wa SHR na BN, ukoo mwingine uitwao Brown Norway, ndipo utajua jeni linafuatana na presha kweli au limekaa tu karibu nayo.

ACHIENG': Twende kwenye kupima. Wengi hapa hutumia mkanda wa mkiani, kwa sababu kile kipimo cha redio kinachopandikizwa mwilini ni ghali.

BARASA: Sawa, lakini kwanza kamati ya maadili ya wanyama na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayoruhusu utafiti Kenya, kabla panya hajaagizwa. Kisha mzoeshe panya kukaa ndani ya kibomba cha kumtuliza wakati wa kupimwa, siku 5 hadi 7 bila kurekodi chochote. Mkia upate joto, nyuzi 32 hadi 35, la sivyo mshipa unajibana na mashine haisikii mapigo. Mkanda ukiwa mwembamba kuliko unavyotakiwa, nambari hupanda kwa uongo. Chukua vipimo kama 10 kwa panya mmoja, tupa vya mwanzo, pata wastani wa vinavyobaki.

ACHIENG': Na saa? Kisumu mchana si mchezo.

BARASA: Chumba kikae nyuzi 20 hadi 26, na kisibadilike badilike. Panya akipata joto, mishipa hulegea na presha hushuka. Stima ikipotea saa nane mchana, kipoza hewa kikazima, ukapima SHR saa tisa, utaamini dawa yako imefanya kazi. Pima asubuhi, saa ile ile, mtu yule yule. Thamometa ya chumba iandike kwenye daftari lile lile la presha, siyo daftari lingine. Kule Nakuru hali ya hewa ina huruma zaidi, ila stima ni ile ile.

ACHIENG': Chakula?

BARASA: Kwa ukoo wa Dahl hilo ni kila kitu. Hao ndio panya ambao presha yao hutegemea chumvi: hulishwa asilimia 8 ya chumvi dhidi ya 0.3 au 0.4. Chakula cha kinu kimoja kinaweza kutofautiana gunia kwa gunia. Pima chumvi ya kila gunia, hifadhi kiganja cha sampuli.

ACHIENG': Na ukishuku damu ya nje imeingia?

BARASA: SHR na WKY wote ni weupe, macho mekundu, rangi haitakusaidia. Angalia wanavyozaa. Ukiona jike aliyekuwa akizaa watoto 6 ghafla anazaa 11, wanene, usishangilie. Hiyo ni nguvu ya chotara. Kuna panya alitoroka akaingizwa kizimba kisicho chake. Chukua kipande kidogo cha sikio, pima DNA, na usipandishe panya yeyote pale mpaka majibu yarudi.

ACHIENG': Kadi za vizimba nazo?

BARASA: Namba ya baba, ya mama, tarehe ya kuzaliwa, kizazi. Kwa penseli. Kalamu ya wino hufutika kwa maji ya chupa za panya.