Maji na Wezi wa Chuma: Kugeuza Daraja la Reli Kuwa Njia ya Miguu

Mhadhara kwa wahandisi wa kaunti, mafundi na wanafunzi wa ujenzi, Kisumu

Waheshimiwa, wahandisi, mafundi, nanyi wanafunzi mliojibanza huko nyuma, hamjambo.

Nianze na onyo. Nyasi kuota katikati ya reli si ushahidi kwamba njia imeachwa. Reli ya kutoka Nakuru kuja hapa Kisumu ilinyamaza miaka mingi, kisha ikakarabatiwa, na treni ya abiria ikarudi mwishoni mwa 2021. Kwa hiyo kabla hamjatoa futi ya kupimia, pateni barua kutoka Shirika la Reli la Kenya inayosema daraja mnalolitaka halimo katika mipango ya treni, na mkataba unaotaja wazi nani atagharimia nguzo ikitikisika. Hata mkiwa na barua hiyo, jengeni kitu kinachoweza kufunguliwa kwa spana. Boriti za daraja la zamani msizikate. Marekani wana kifungu cha sheria tangu 1983 kinachoruhusu njia ya treni kutumiwa na waendao kwa miguu huku haki ya treni kurudi ikibaki palepale. Sisi tunaweza kufikia jambo hilohilo kwa kutumia bolti tu.

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: je, litabeba watu? Tupige hesabu. Chukueni boriti za urefu wa mita 20 na njia ya upana wa mita 2.5. Umati uliobanana huhesabiwa kilo 500 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo ni tani 25. Sakafu ya mabamba ya zege ya unene wa milimita 120 ni tani 15 hivi. Kingo za pembeni, wekeni tani 2. Jumla ni 42. Injini moja ya dizeli ya njia kuu hukaribia tani 100, na ilikuwa ikipita hapo ikitingisha na kupiga breki. Mkiondoa reli na mataruma mnapunguza tani kama 6 nyingine. Uzito, basi, mara nyingi haushindi daraja la reli. Kinacholishinda ni maji, halafu wezi, na hapo ndipo nitakapokaa muda mrefu.

Tuanzie chini. Mito yetu, Nyando, Sondu, Yala, Nzoia, hula msingi wa nguzo wakati wa mafuriko. Mafuriko yakiwa kileleni, maji huchimba shimo kubwa kwenye mguu wa nguzo. Yakianza kushuka, shimo hujazwa tope na mchanga laini. Mkaguzi akija Januari anakuta kitanda cha mto kimetulia, anapiga picha, anaandika "salama". Shimo liko palepale, limefunikwa tu. Chukueni nondo ndefu ya milimita 16 mwichome kuzunguka nguzo kila nusu mita, upande wa mkondo unakotoka na upande unakokwenda. Ikizama kwa mkono mmoja hadi chini ya kiwango cha msingi, hapo hamna msingi wa kutegemea. Dawa ni mawe makubwa yaliyopangwa, au kujaza zege chini ya nguzo vipande kwa vipande, kamwe si upande mzima kwa siku moja. Gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, ni rahisi, lakini waya wake hukatwa ukaenda kufungia ua, kwa hiyo zitumieni pale tu penye macho ya watu.

Kwenye kuta za mawe za ncha mbili tazameni mimea. Mtini ukishaingiza mizizi kwenye viungo vya mawe, usiung'oe, utaondoka na ukuta. Ukateni, mpake kisiki dawa ya kuua mizizi, msubiri ife, kisha mzibe viungo kwa chokaa.

Sasa tupande kwenye chuma. Kutu ya juu juu inayobanduka kwa ukucha si habari. Kutu inayotisha ni ile iliyojificha kati ya mabamba mawili yaliyopigwa ribiti, yaani vipini vya chuma vilivyopondwa vichwa ili kuyashikanisha, kwa sababu kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma iliyotokana nacho. Inasukuma, bamba linabinuka, na mwishowe kichwa cha ribiti kinakatika. Namna ya kukagua ni ya kizamani na haijapata mpinzani: weka kidole upande mmoja wa kichwa cha ribiti, gonga upande wa pili kwa nyundo ndogo. Ribiti nzima hulia kwa sauti kavu na kidole hakihisi kitu. Iliyolegea hutetemeka chini ya kidole, na mara nyingi utaona mchirizi wa kahawia ukishuka kutoka kichwani. Tieni alama kwa chaki. Ribiti mbovu itolewe, itiwe bolti ya nguvu ya juu ya milimita 22 au 24 kulingana na tundu, kisha ndipo uguse inayofuata. Fundi anayetoa kumi kwa pamoja ili amalize kabla ya chakula cha mchana mfukuzeni.

Wala msimruhusu mtu kuchomelea kitu chochote kwenye boriti za zamani kabla chuma hakijapimwa maabara. Chuma cha mwanzoni mwa karne iliyopita huweza kuwa na salfa na fosforasi nyingi, na kikichomelewa hupasuka kando ya mshono, pengine miezi baadaye. Tumieni vibanio na bolti.

Rangi nayo. Ile ya chini yenye wekundu wa machungwa aghalabu ni ya risasi. Kuipuliza kwa mchanga mkavu ni kuwamwagia sumu watoto wanaoogelea chini. Lowesheni, tandazeni turubai, kusanyeni takataka zote kwenye mapipa, na muwe na kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, mkononi kabla ya kuanza.

Sakafu. Mbao za mkaratusi zinavutia kwa bei, lakini hupasuka, huteleza, na huwaka. Daraja la reli la Poughkeepsie huko Marekani, lililovuka mto Hudson tangu 1889, liliungua mataruma yake tarehe 8 Mei 1974 na treni hazikurudi tena. Lilipofunguliwa kwa watembeaji Oktoba 2009, urefu wake ukiwa zaidi ya kilomita 2, lilitandazwa mabamba ya zege. Bamba la chuma lenye vinundu vya kuzuia kuteleza? Hapa kwetu halimalizi mwezi. Zege haliuziki kwa kilo. Wekeni kipande cha mpira cha milimita 10 kati ya zege na boriti, mwinamo wa asilimia 2 kwenda pembeni, na mfereji mdogo chini ya ukingo wa bamba ili tone lidondoke badala ya kurudi kwenye chuma. Mfereji huo hugharimu ubao mmoja kwenye kalibu, na ndio unaosahaulika kuliko vyote.

Upana usizidi mita 3 bila mhandisi kukokotoa upya. Boriti za reli yetu ya upana wa mita moja mara nyingi ziko karibu karibu. Sakafu ikiwa pana sana, na watu wote wakikimbilia upande mmoja kutazama maji ya mafuriko, boriti moja hubeba karibu mzigo wote na ile nyingine inataka kuinuka.

Mtikisiko nitaupitia haraka. Mtu hupiga hatua kama mbili kwa sekunde. Daraja la watembeaji la Millennium, London, lilifunguliwa Juni 2000 likafungwa baada ya siku mbili kwa kuyumba. Boriti nene za reli mara nyingi haziyumbi hivyo, ila pimeni: daraja likitikisika lenyewe juu na chini zaidi ya mara 5 kwa sekunde, na pembeni zaidi ya mara 2.5, mwendo wake uko mbali na wa hatua za watu; endeleeni na kazi.

Kingo ziwe na urefu wa mita 1.4, maana baiskeli zitapita mpende msipende, na nafasi kati ya vyuma isizidi milimita 100. Kila nati ya kingo hizo ikishakazwa, pondeni ncha ya bolti kwa nyundo ili mwizi asiifungue. Mirija ya alumini msiifikirie kabisa.

La mwisho ni milangoni. Nguzo fupi zenye nafasi ya mita 1.2 huzuia magari na tuktuk, na kiti cha magurudumu kinapita. Bodaboda pia inapita. Hakuna nafasi itakayomzuia mwenye bodaboda ikamruhusu mwenye kiti, kwa hiyo iwekeni pikipiki yenye abiria watatu na gunia la mahindi kwenye hesabu zenu tangu siku ya kwanza, na mpake mistari inayomwonyesha apite wapi.

Maswali sasa. Naona mkono pale nyuma.